Salamu za Kambale

Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, samaki walipokuwa wakisalimiana kama sisi, ziwani waliishi ndugu wawili wa ukoo wa perege. Mkubwa Nyamizi, mdogo Kabula.

Kabula alitaga mayai mengi, mengi mno. Aliyabandika juu ya jiwe, akayalinda pamoja na mumewe. Nyamizi alitaga machache. Aliyaokota yote mdomoni, akafumba. Yakaanguliwa humo humo. Hali chakula. Hasemi.

"Dada, utakufa njaa!" Kabula alimcheka. "Watoto hulelewa nyumbani, siyo mashavuni!"

Nyamizi aliogelea zake.

Siku moja maji yalitibuka. Shwaa! Shwaa! Kambale huyo, masharubu mbele.

"Hodi, wenyewe! Nyamizi binti yangu, hujambo?"

Kimya. Nyamizi akazidi kufumba mdomo. Akijibu, wanawe watamwagika.

"Dada, itikia! Unatuaibisha!"

Kimya.

"Msamehe, mzee, siku hizi anajisikia," alisema Kabula. "Mimi nakuamkia. Shikamoo."

"Marahaba. Baba watoto?"

"Ametoka kidogo, anatafuta chakula."

"Aa, vizuri. Wakwe?"

"Wazima."

Kila salamu, Kambale asogea karibu na mayai. Majirani? Asogea. Wagonjwa? Asogea. Kabula anajibu, kichwa ameinamisha kwa adabu. Nyamizi ndiye aliyeona: masharubu yameshagusa jiwe.

Apige kelele? Atapoteza wanawe. Atulie? Mdogo wake atapoteza wake.

Akajirusha. Puu! Akamgonga Kabula ubavuni.

"Una wazimu, we dada!" Kabula akageuka kwa hasira. Akaona. "Baba watoto weee!"

Mume akaja mbio. Wakamvamia Kambale wote wawili, wakamdonoa macho, mpaka akatimka na tope lake. Lakini mayai ya upande mmoja wa jiwe yalikuwa yameshaliwa. Na kwa kishindo kile, mtoto mmoja wa Nyamizi alichopoka mdomoni. Hakuonekana tena.

Kabula alilia. Kisha akamsogelea dada yake, akaona jinsi alivyokonda, akaelewa kwa nini hakuitikia: angefungua mdomo, watoto wangemwagika.

Tangu hapo, mgeni akibisha hodi, Kabula hutangulia.

"Dada yangu hajambo," husema. "Nawe salimia ukiwa huko huko."

Funzo ni hili: kila mzazi hulinda kwa njia yake, na kila njia ina maumivu yake. Anayenyamaza, usimwite mwenye kiburi kabla hujajua amebeba nini.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyeisikia amsimulie aliyesinzia.