Picha ya Kumi na Mbili ya Ndiva

Sikilizeni vizuri, maana mwishoni nitawauliza ninyi.

Huko Upare, katika kijiji cha Kirongwe, waliishi ndugu watatu wa tumbo moja. Mbonea, kifungua mimba, aliujua ukungu wa mlima: akiutazama kidogo alikuambia utaondoka lini na utarudi lini. Nakiete, wa pili, alikuwa na jicho la picha na mkono usiotetemeka. Senzota, kitinda mimba, alisafisha picha katika studio mjini. Vidole vyake vilifanya kazi gizani kama vya wengine mchana.

Marehemu baba yao aliwaachia kamera ya filamu pana, ile ambayo mpigaji huishika tumboni na kuinama kuichungulia kwa juu. Ilibaki filamu moja tu, ya picha kumi na mbili.

Mama yao, Namkunda, akaomba jambo moja. "Macho yangu yanaisha. Nipigieni ndiva ikiwa imejaa, niione kabla sijapofuka."

Ndiva ni bwawa la mawe la kumwagilia mashamba. Hiyo ya Kirongwe ilijengwa na babu wa babu yao. Ilijaa alfajiri tu, kabla mwenye zamu hajafungulia maji, na zamu ya siku waliyoichagua ilikuwa ya Mzee Kajiru. Mbonea akaenda kumwomba achelewe.

"Nichelewe, maharage yangu yanywe picha?"

"Saa moja tu, babu."

Mzee akakubali shingo upande, na alfajiri akafuatana nao hadi kwenye ndiva. Alipoiona kamera akakunja uso. "Mlima hauelekezewi vitu kama bunduki."

Nakiete akainama kuchungulia. Mzee akamtazama, uso ukalegea. "Kumbe chenyewe kinamwinamisha mtu. Haya, piga."

Ukungu ukawa unafunguka na kufunga. Nakiete akapiga, akapiga tena, mpaka zikafika kumi na moja.

"Umepiga maziwa matupu," Mbonea akasema. "Ya mwisho usiiguse mpaka niseme."

"Kaka, mzee anataka maji yake!"

"Asubiri."

Walisimama mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha Mbonea akasema, "Sasa!" Nakiete akabonyeza, na ukungu ukafunga palepale.

Alipojaribu kuizungusha filamu, ikakwama. Kwa haraka yake akashika kifuniko afungue. Senzota akamdaka mkono.

"Dada! Ukifungua kwenye mwanga umeziunguza zote!"

Akajifungia katika stoo ya mahindi ya mama yao, akaziba nyufa kwa mablanketi, akaitoa filamu kwa kupapasa, kidogo kidogo. Alitoka mchana, jasho linamtiririka. Alipoisafisha kule studio na kuzichapa, picha kumi na moja zilikuwa nyeupe. Ya kumi na mbili ilikuwa safi, na kila jiwe la ndiva lilihesabika.

Mama aliisogeza ile picha mpaka puani, akayahesabu mawe kwa kidole.

Masika yaliyofuata mlima uliporomoka, ukaifukia ndiva.

Sasa jumba la makumbusho linaiomba negativu, kile kipande cha filamu chenye picha ya kumi na mbili, ikahifadhiwe huko moja kwa moja. Nakala zinaweza kutolewa nyingi, lakini negativu ni moja.

"Iende," anasema Nakiete, "watu wote waione. Nisingebonyeza wakati ule, pasingekuwa na picha."

"Haitoki mlimani," anasema Mbonea. "Siku tukiijenga ndiva upya, mafundi waitazame hapahapa. Bila mimi mngekuwa na ukungu kumi na mbili."

"Ikae kwangu," anasema Senzota. "Anayetaka nakala nitamtolea, ila mkono mwingine usiiguse. Mmesahau nani alitaka kuifungua juani?"



"Na mimi niliyekausha maharage?" Mzee Kajiru akauliza kutoka mlangoni. Wakacheka, lakini kidogo tu.

Mama akaitia negativu katika bahasha. Hivi sasa haioni tena hata ile picha. Huwaomba wanawe wamtajie mawe, naye huwasahihisha.

"Mmoja ataishika," akasema, "na atakaloamua huyo ndilo litakuwa. Lakini nimewazaa wote. Mimi sichagui."

Gari la makumbusho linarudi Jumamosi. Bahasha iko mezani, na juu yake pameachwa nafasi ya jina moja. Ninyi mliosikiliza, mngeandika jina la nani?