Uso Ndani ya Kifuniko

Sonara mmoja wa Ulaya, jina lake Anselmi, alikuwa na mwana mmoja tu, Floriani, aliyemwandalia meza bwana mkubwa wa nchi ile. Ikapotea bakuli ya fedha, kijana akasingiziwa, akatiwa gerezani. Bwana aliambiwa kwamba ametoroka. Neno lake moja lingemtoa, maana alimpenda. Lakini kila Anselmi alipokwenda kumwona bwana, mabawabu walimfukuza kama mbwa.

Mkono mtupu haulambwi. Anselmi akakumbuka kwamba mabwana wa zama zile walipenda vijaluba vya dhahabu vya kutilia ugoro, na kwamba zawadi hupita mahali asipopita mtu. Akauza hata kitanda chake, akapata dhahabu, akaanza kazi. Ndani ya kifuniko akachora uso wa mwanawe kwa rangi za kuchomwa motoni, zisizofutika, na mikononi akamtia pingu. Bwana atafungua achote ugoro, atamtambua, atauliza.

Angeishia hapo, ingetosha. Lakini fundi ni fundi. Aliona haya kupeleka kazi yenye mwanya. Akaizamisha bawaba ndani ya dhahabu, akauficha mstari wa kifuniko kwa majani ya mizabibu, hata ukucha ukakosa pa kuingilia. Akajisifu moyoni. Kisha akawakabidhi mabawabu bila kusema neno, asije akashukiwa.

Kijaluba kikapokelewa, mji mzima ukakisifu. Anselmi akangoja. Baridi ikaingia, na gerezani mle hamkuwashwa moto. Floriani akafa kwa kikohozi. Baba akamzika, na tangu hapo akawa akimlaani bwana kila asubuhi, kwa kuuona uso ule asione huruma.

Mwaka uliofuata, mjumbe wa nchi ya mbali aliingia dukani kuuza zawadi aliyopewa na bwana yule, kwani ndivyo wajumbe walivyozoea. Akaiweka mezani. Anselmi akakitambua kijaluba chake, akabonyeza jani alilolijua yeye peke yake, kifuniko kikainuka. Ndani hamkuwa na hata chembe ya ugoro. Mwanawe alikuwa akimtazama, rangi zingali mbichi kama siku ile alipomchora.

Mjumbe akainama, akashangaa.

"Kumbe kinafunguka? Bwana aliniambia ni pambo la meza tu."

Anselmi akakirudisha kifuniko kwa kidole kimoja, nacho kikafunga vizuri, bila mwanya, kama alivyokusudia.

Basi niambieni, ninyi mnaopamba maneno mbele ya wakubwa: ni nani aliyemzika kijana yule, bwana asiyefungua, au baba aliyefunga vizuri mno?