Mama Yangu Bado Hajasomwa

Kaeni, wapendwa. Kaeni vizuri, maana leo nina mfano, na nimekuja nao nikiwa na hasira. Mchungaji naye hukasirika. Anayedhani kanzu hii inazuia hasira aje aivae siku moja aone.

Palikuwa na mama mmoja, mtu mzima, mwenye wajukuu. Shule aliiacha akiwa msichana kwa sababu baba yake alifariki na mdogo wake wa kiume ndiye aliyechaguliwa kuendelea. Hiyo habari mnaijua, imo katika nyumba nyingi humu. Lakini mama huyu hakuacha kusoma moyoni. Watoto wake walipokua akarudi kwenye masomo ya jioni, akafaulu, na mwisho akapata nafasi katika chuo kimoja cha pale mjini.

Usharika wake ulifurahi! Wakamwita mbele, wakamwekea mikono, kwaya ikaimba, kina mama wakamvisha kitenge kipya. Mzee wa kanisa aliyekuwa kiongozi akaomba kwa sauti kubwa: "Bwana, mfungulie akili! Akajifunze kuandika vizuri, aje atufae!" Na watu wote wakasema Amina.

Kwa nini waliombea kuandika? Kwa sababu mama huyo ndiye aliyekuwa mwandishi wao wa misiba. Mtu akifariki, anaitwa yeye kuandika historia fupi ya marehemu, ile inayosomwa kabla ya mazishi. Na mnaijua jinsi inavyokwenda. Marehemu alikuwa mcheshi. Marehemu alikuwa mkarimu, mpenda watu, asiye na makuu. Marehemu aliuguzwa kwa upendo mkubwa hadi mauti yalipomfika. Marehemu ameacha pengo lisilozibika. Hebu niambieni, mmewahi kuzika mtu asiyekuwa mcheshi? Hata yule aliyekuwa akinuna kuanzia Januari hadi Desemba, akiingia tu kwenye jeneza anakuwa mcheshi!

Basi mama akaenda chuoni. Siku ya kwanza anaingia darasani, vijana wote wakasimama: "Shikamoo, mwalimu!" Akasema, "Marahaba, wanangu, lakini hata mimi natafuta pa kukaa." Wakacheka, wakamsogezea kiti.

Mwalimu wa uandishi alikuwa kijana, wa umri wa kitinda mimba wake. Akawapa kazi: andika habari za mtu unayemfahamu sana. Mama akafurahi, akasema moyoni, hapa wamenikuta. Akamwandika mumewe. Akaijaza karatasi, akapeleka.

Kesho yake mwalimu akamfuata kwa adabu, sauti ya chini. "Mama, kwanza pole sana."

"Pole ya nini, mwalimu?"

"Ya msiba, mama. Sikujua kwamba mzee amefariki."

"Mzee gani huyo? Mzee wangu mbona nimemwacha nyumbani asubuhi, anachonga mpini wa jembe!"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Akamrudishia karatasi yake. "Basi, mama yangu, umemzika mzima. Mtu unayemwandika hapa ni mcheshi, mkarimu, hana makuu. Huyo anaweza kuwa mume wa mtu yeyote. Rudi nyumbani ukamwangalie, kisha uniandikie huyu anayechonga mipini."

Ilimuuma. Nani kati yetu angefurahi kukosolewa na mtoto mbele ya watoto? Alifika nyumbani akatupa mkoba kitandani, akasema haendi tena. Lakini jioni ile, akiwa bado amevimba, akamwangalia mumewe. Akamwangalia kweli, kama hajamwona siku nyingi. Na asubuhi akaandika hivi: "Mume wangu akikasirika hapigi kelele, huenda uani kuchonga mpini. Nyumbani kwetu kuna mipini mingi kuliko majembe." Akaendelea: "Hali chakula kabla mbwa hajala. Nikimuuliza, husema mbwa hana kinywa cha kuomba."

Mwalimu aliposoma hayo akatabasamu, akamwambia, "Sasa naweza kumsalimia mzee hata nikimkuta barabarani."

Hapo ndipo mama alipoanza kukua, wapendwa. Alijifunza kuuliza. Alijifunza kufuta sentensi inayomfaa kila mtu. Alijifunza kwamba huwezi kuandika habari za mtu ambaye hukujisumbua kumwona. Na akishajifunza hayo, kumbukeni, hawezi tena kujifanya hajui.

Sasa, katika usharika ule alikuwapo mjane mmoja aliyefua vitambaa vya madhabahu. Kwa miaka mingi alivifua, akavianika ndani ya nyumba yake ili vumbi la barabarani lisivifikie, akavipiga pasi ya mkaa. Mjane huyo akapooza mwanzo wa masika. Akalala. Alikuwa na binti mmoja tu wa kumuuguza, na binti huyo ndiye huyo huyo anayekaanga vitumbua ili wapate kula. Binti akatuma ombi kanisani: wapatikane kina mama wawili wa kumsaidia kumgeuza mgonjwa, maana peke yake hawezi, na mgongo umeanza vidonda.

Ombi likasomwa kwenye matangazo. Watu wakainamisha vichwa, wakaomba. Jumapili iliyofuata likasomwa tena, wakaomba tena. Mnajua walichokigundua wao? Waligundua vitambaa! "Mbona vitambaa vya madhabahu vimefubaa siku hizi?" Waliona doa kwenye kitambaa, wasimwone aliyekuwa akiliondoa! Wahenga hawakukosea waliposema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Naam, ni mwepesi kweli, hasa ukiubeba kwa kufumba macho na kusema Amina.

Mjane akafariki. Wazee wakamwita mama yule wa chuoni: tuandikie historia. Hapo awali angeketi jikoni akaimaliza kabla chai haijachemka. Safari hii alikwenda kwa binti, akaketi naye mkekani, akauliza, akasikiliza, akalia, akaandika. Akampelekea mzee kiongozi.

Mzee akavaa miwani, akasoma. Uso ukabadilika.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni historia ya marehemu, mzee wangu."

"Tulikuombea ukajifunze kuandika vizuri. Hatukukutuma ukajifunze kutuaibisha! Msibani hatuandiki hivi. Marehemu hasemwi vibaya."

Mama akamjibu kwa heshima zote, magoti yamekunjika kidogo kama desturi: "Shikamoo yako iko palepale, mzee. Lakini marehemu sijamsema vibaya hata mstari mmoja. Waliosemwa humo ni walio hai."

Mzee akaikunja karatasi ile akamrudishia. Akamwambia apumzike, masomo yamemchosha. Kazi wakampa katibu wa kwaya. Na katibu alifanyaje? Alikuwa na haraka, jeneza liko njiani. Akachukua historia ya zamani, ya mzee mmoja waliyekwisha kumzika, akabadili jina. Kwani shida iko wapi? Marehemu wote wa usharika ule walikuwa wacheshi. Ni shati moja, unamvisha kila maiti na linamtosha.

Siku ya mazishi uwanja umejaa. Wale ambao hawakuwa na nafasi ya kumgeuza mgonjwa, leo wana nafasi, wamekuja na sare. Katibu anasoma. Marehemu alikuwa mcheshi, watu wanatikisa kichwa. Marehemu alikuwa nguzo ya umoja wa kina baba, watu wanatikisa kichwa. Marehemu ameacha mjane na watoto, ameacha pengo lisilozibika.

Na watu wakaitikia: Amina!

Nasema waliitikia Amina! Mbele ya jeneza la mwanamke, mjane, wamesomewa kwamba ameacha mjane, wakaitikia! Hakuna aliyeshtuka. Hakuna aliyemgusa mwenzake. Masikio yalikuwa wazi kama milango, lakini ndani hakuna aliyekuwa nyumbani.

Aliyeshtuka ni mmoja. Binti akasimama pale alipokuwa amekaa chini, khanga imemteleza begani, akasema, "Wazee wangu, naomba mnisamehe. Sijui huyo baba mliyemsoma ni nani, Mungu amrehemu. Lakini mama yangu bado hajasomwa."

Mzee kiongozi akakohoa. Binti akatazama huku na huku. "Yuko wapi mama yule aliyekuja kuniuliza?"

Mama akainuka katikati ya kina mama, mmoja akimvuta kitenge aketi. Hakuketi. Akasoma:

"Marehemu alipenda chai ya tangawizi isiyo na sukari, na alikuwa na neno la kumchoma kila aliyechelewa ibadani. Hakuwa mcheshi. Alikuwa mkali, na mikono yake ilikuwa safi. Vitambaa vya Meza ya Bwana alivifua yeye. Alipolala, mwanawe alituomba watu wawili wa kumgeuza. Tulimwombea. Hakuna aliyekwenda. Amekufa kwa vidonda vya mgongo. Mimi ninayesoma haya ni jirani yake. Nilikuwa nikimsikia akiita. Nilikuwa najisomea, nikafunga dirisha."

Akakunja karatasi. Binti akaja, akamkumbatia, wakalia wote wawili. Binti akasema, "Sasa mzikeni. Huyo ndiye mama yangu."

Mnasubiri niwaambie nini hapo? Kwamba watu waliangua kilio, wakatubu, usharika ukawa mpya? Hapana! Nisingekuja hapa na hasira kama wangetubu. Walinuna. Walimzika mjane haraka haraka, wakala wali wa msiba wakinong'ona. Na Jumapili wakaketi kikao, wakamwondoa mama yule katika uandishi wa misiba, na wakaandika sababu: elimu imemharibu.

Imemharibu! Alipokuwa akifuta watu kwa maneno matamu alikuwa hodari, mtumishi, chombo cha Bwana. Alipoanza kumwona jirani yake, na kujiona yeye mwenyewe akifunga dirisha, ndiyo kuharibika? Waliomba, "Bwana, mfungulie akili." Bwana akafungua. Wakakimbilia kuifunga wenyewe! Ni ombi gani hilo, ndugu zangu? Tunaomba watu wetu wakue, lakini wakue kwa kimo kile tulichowapimia sisi, wasije wakaona tulichoficha juu ya kabati.

Naona mnatikisa vichwa. Mama pale mbele anasema, "Jamani, watu wabaya wale." Mzee wangu kule nyuma anasonya. Asanteni kwa kuwasikitikia watu wa mfano. Ni rahisi, hawapo hapa kutujibu.

Sasa nawauliza jambo moja, nanyi mnijibu. Asubuhi hii, kabla sijapanda hapa, katibu amesoma matangazo. Amesoma habari za harusi, mkacheka. Amesoma habari za mnada wa mavuno, mkanyoosha shingo. Kisha akasoma jina la mgonjwa wetu aliyeko nyumbani, na anachokihitaji. Tukainama. Tukaomba. Tukasema Amina, na mimi niliisikia, ilikuwa Amina nene.

Anaitwa nani?

Mmoja tu aniambie. Sitaki anachoumwa wala mtaa wake. Jina tu.

Kina baba? Kwaya, ninyi mlio karibu na kipaza sauti? Katibu, wewe nyamaza, wewe unayo karatasi.

Nitasubiri. Leo sina haraka.

Haya. Basi tumekwisha kujisikia wenyewe. Mfano umekwisha, kwa maana hatukuwa tunasimulia habari za watu wengine. Ni sisi tulioitikia bila kusikia. Ni sisi tuliofunga dirisha. Na tofauti moja tu iliyobaki kati yetu na wale ni kwamba mgonjwa wetu bado anapumua.

Kwa hiyo leo sitainua mikono kutoa baraka humu ndani. Ibada haijaisha, tunaihamisha. Baraka nitazitolea chumbani kwake, tukishamnawisha na kumbadilishia shuka. Jina lake atawaambia mwenyewe. Mimi natangulia. Anayetaka baraka anifuate, na mlioko karibu na mlango, fungueni milango yote miwili.