Amri ya Jabali la Juu

Nianze, au mtaendelea kupiga soga?

Anza, tumenyamaza!

Na mkisinzia?

Tuamshe!

Haya. Hapo zamani za kale palikuwa na majabali mawili, moja juu ya kilima, moja chini yake. Kote kuwili waliishi pimbi. Pimbi mnamjua, mnyama wa miambani, mfupi, mnene, hana hata mkia. Baridi humwingia mpaka mifupani, kwa hiyo kila asubuhi pimbi wote walitoka mashimoni, wakabanana juu ya jabali kuota jua. Akija mgeni walimweka katikati, ndipo penye joto. Kumwacha mgeni pembeni ilikuwa aibu kubwa.

Mwaka mmoja kikaingia kikohozi kibaya nchi ile. Kilianzia mbali, kikawa kinasogea. Mkubwa wa Jabali la Juu, Bi Mize, akawaita wenzake akawaambia, "Kuanzia leo hakuna kuota jua pamoja. Kila nyumba ikae shimoni mwake. Kula mtatoka kwa zamu, nyumba moja moja."

"Na baridi je?" wakamwuliza.

"Mtatetemeka," alisema Bi Mize. "Na mimi mtanichukia. Ingieni ndani."

Wakanung'unika, wakaingia. Mkubwa wa Jabali la Chini, Mzee Ngwali, aliposikia habari hiyo alicheka tu. Kwake hakutoa amri yoyote.

Sasa, Jabali la Juu alikuwako pimbi mmoja jina lake Shaame. Mkewe, Mkasi, alikuwa amejifungua mtoto wao wa kwanza. Mwingine angetulia alee. Shaame hatulii, miguu inamwasha.

"Amri ni ya jabali letu," alimwambia mkewe. "Kule chini hakuna amri. Nikienda kuota jua kule, nimevunja nini?"

"Hujavunja kitu," alisema Mkasi. "Lakini ukirudi unalala na nani?"

Shaame akachungulia nje, akahesabu zamu zilizobaki.

Zamu yao ya kula ilipofika, akazunguka nyuma ya jabali, akateremka. Wa chini wakampokea, "Karibu, bwana, pita katikati." Akabanwa huku na huku, akapata joto lake, akarudi. Hakikutokea kitu.

Zamu ya pili akateremka tena. Wengine walikuwa wanakohoa. "Vumbi tu hilo," alisema Mzee Ngwali. "Pita katikati, mgeni wetu." Akapita katikati.

Zamu ya tatu akateremka. Jabali lilikuwa nusu tupu, na Mzee Ngwali hayupo. "Tumemzika jana," walisema waliobaki, sauti zimewakauka. "Karibu katikati." Hapo ndipo mjinga huyu angegeuka akimbie. Hakukimbia. Aliona haya kuikataa nafasi ya mgeni, akaketi.

Aliporudi, Mkasi akamwuliza, "Ulikwenda chini? Wakoje huko?"

"Wazima wote," akasema Shaame. Akamkumbatia mwanawe ampashe joto.

Mtoto akaanza kukohoa. Kwanza kidogo, kisha mfululizo, kisha akanyamaza.

Shaame akalia kwa sauti. Vichwa vikachomoza mashimoni kote. Majirani walilia naye, walilia kweli, lakini hakuna aliyetoka. Bi Mize naye alilia mlangoni pake. "Shaame," alisema, "mfiwa hushikwa mkono, nami leo nakunyima. Zika mwanao. Kisha ingieni ndani, majani tutawaachia mlangoni."

Akachimba peke yake.

Kikohozi kilipopita, Jabali la Chini walibaki wachache sana. Jabali la Juu mashimo yalifunguliwa, na kila mama akatoka na wanawe juani, wazima, wamekonda kidogo. Mkasi akatoka mikono mitupu. Shaame akamsogelea akae naye. Mkasi akanyanyuka, akaenda kukaa upande mwingine wa jabali.

Funzo lake ni hili. Mkiambiwa mkae ndani, si jabali mnalokatazwa, ni kukutana. Ukiondoka hapa penye amri ukaenda kukutana na watu pale pasipo na amri, ugonjwa utarudi nao nyumbani, nao ugonjwa utaanza na unayelala naye.

Ngano yangu nimeitua hapo. Mwenye kuichukua aichukue, aliyesinzia amwulize jirani yake.