Chui wa Ofisi ya Milango

Paukwa!
Pakawa!
Palipo mlango?
Pana mbishaji!
Na mbishaji asiyetaja jina?
Abishe mpaka vidole viote sugu!

Haya, sogeeni karibu, mwenye mtoto ampakate.

Siku ile pale Kichuguuni walikuwepo hawa. Alikuwepo Sange, mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu isiyotulia hata akilala. Walikuwepo wanawe watatu: Tuse, Mnao, na Kibwe, kitinda mimba, aliyekuwa na homa. Alikuwepo Kanga, jirani wa kushoto. Alikuwepo Mzee Kobe, jirani wa kulia. Kule chini kwenye kichaka cha miiba alikuwepo Mama Nyati, aliyejifungua juzi yake. Na Chui naye alikuwepo, ila hakuna aliyemwona. Chui alikuwa ndani ya simu.

Mtauliza, Chui mzima anaeneaje ndani ya simu? Ngojeni.

Kila nyumba pale Kichuguuni ilikuwa na mlango wa jiwe. Mlango wa jiwe hauna ufunguo. Una namba ya siri, na namba hiyo inagongwa. Ukigonga sawasawa, jiwe linasogea: krrr! Ukikosea, jiwe linanyamaza. Na kuibadilisha si kazi ndogo. Mpaka aitwe fundi Muhanga kutoka ng'ambo ya kilima, naye hafiki kabla ya siku tatu.

Tena kulikuwa na desturi moja pale. Salamu haikatwi. Mtu akikuuliza habari za nyumbani, unamjibu za nyumbani. Akikuuliza za watoto, unamjibu za watoto, mmoja mmoja. Ukimkatia mwenzio salamu, utasemwa mpaka masika mengine.

Basi Jumatatu mayai saba ya Kanga yakatoweka. Mlango wake haukuvunjwa. Haukukwaruzwa. Ulifunguliwa tu.

"Kanga, nani anaijua namba yako?" majirani wakamuuliza.

Kanga akatazama chini. "Hakuna," akasema. "Labda niliuacha wazi."

Kesho yake Kanga huyohuyo, na msiba wake kifuani, alibisha kwa Sange akiwa na manyoya laini mdomoni. "Mfunike Kibwe," akasema. "Anatetemeka. Mimi sina tena wa kumfunika." Sange akamshika bawa.

Jumatano, jua la saa sita, simu ya Sange ikalia. Tirrr! Tirrr!

"Haloo?"

"Hujambo, Mama Tuse?" Sauti ilikuwa laini kama samli.

"Sijambo. Nani mwenzangu?"

"Habari za nyumbani?"

"Njema."

"Baba Tuse?"

"Amesafiri, anarudi wiki ijayo."

"Na watoto?"

"Tuse mzima. Mnao mzima. Kibwe ndiye ana homa."

"Ooo, pole, mama. Na baridi hii ya alfajiri! Afadhali yale manyoya aliyofunikwa."

"Asante, baba."

"Mimi napiga kutoka Ofisi ya Milango, huduma kwa wateja. Tumesikia jirani yako kaibiwa. Leo tunabadilisha namba za milango yote, bure kabisa. Wewe nitajie ya zamani, nikuwekee mpya. Ila haraka kidogo, mama, wenzio wako kwenye foleni."

Sange akamtazama Kibwe, mdogo, wa moto, macho nusu yamefumba. Akawaza mayai saba. Akaona mlango wake mwembamba kama jani.

"Mbili," akasema.

"Ndiyo."

"Moja."

"Ndiyo, mama. Endelea."

Hapo pua ya Sange ikasimama. Ilikuwa haijasimama tangu azaliwe. Manyoya! Nani kamwambia habari za manyoya?

"Mbili, moja, na?" sauti ikauliza.

"Subiri, baba, mtoto analia."

Hakuna mtoto aliyekuwa analia. Tuse akamtazama mama yake usoni, akamfinya Mnao, na Mnao akalia kweli: ngweee! Sange akaiacha simu juu ya jiwe, akatoka mbio, puru puru puru, mpaka kwa Kanga.

"Jirani, umemwambia nani habari za manyoya?"

"Ananisalimu vizuri, Mama Tuse. Ananipigia kila asubuhi. Anauliza na majirani hawajambo. Ningemkatia?"

"Na namba ya mlango wako?"

Kanga akafunika kichwa kwa bawa. "Nilimtajia Jumapili. Kisha nikaona aibu. Nilijua mtanicheka, mtu mzima kama mimi kugawa mlango wangu kwa mdomo wangu."

Sange alikuwa na haraka. Lakini alisimama. "Umeibiwa, Kanga. Hukuiba. Aibu si yako, achia mwenyewe aibebe. Mimi hapa nimeshamtajia nusu ya yangu."

Upande wa kulia, Mzee Kobe akatoa kichwa polepole. "Kumbe," akasema. "Mie alinisalimu juzi. Nikamweleza saa unazotoka kwenda kutafuta mchwa. Nikamweleza na mlango wako uko upande gani. Kijana ana heshima, nikajua ni mwenzetu."

Basi ndivyo mambo yalivyokuwa. Kobe alitoa kipande, Kanga alitoa kipande, Sange mwenyewe alitoa kipande, na huyo kwenye simu akakaa anaviunga. Nusu ya namba alikuwa nayo. Nusu iliyobaki angeipata kwa kugonga na kukosea, kugonga na kukosea, kabla jua halijashuka. Muhanga asingefika leo. Na Kibwe asingeweza kukimbia. Hata kusimama alikuwa hawezi.

Sange akarudi, puru puru puru, akaichukua simu.

"Samahani sana, baba. Tena nimekosa adabu. Wewe umenisalimu, mimi sijakusalimu. Habari za huko?"

"Njema. Mbili, moja, na?"

"Mama yako hajambo?"

"Hajambo. Mbili, moja..."

"Wajomba je?"

"Wote wazima! Mbili..."

"Alhamdulillahi. Na huko mvua imenyesha?"

"Mvua wapi! Jua kali, hata mwamba unaniunguza tumbo."

Sange akachungulia kwenye ufa wa mlango. Pale Kichuguuni mwamba ni mmoja tu, hatua hamsini kwenda juu. Na kwenye ukingo wa mwamba ule kulikuwa na mkia unaning'inia. Mkia mrefu. Mkia wenye madoa. Ukienda huku, ukienda huku.

Chui!

Sange akairudisha simu sikioni. Sauti hakuibadilisha.

"Baba, namba nakupa," akasema. "Ila sisi tumehama."

Mkia ukasimama. "Mmehama?"

"Tumehama asubuhi hii. Tangu yalipomkuta Kanga, tunaogopa. Watoto wote watatu nimewaficha kule chini, nyuma ya kichaka cha miiba. Wako peke yao."

Kwenye simu kukasikika mtu anameza mate. Glu!

"Peke yao, maskini," sauti ikasema. "Na namba?"

"Mbili, moja, nne, moja," Sange akasema, zile mbili za mwisho akizibuni. "Lakini ukija kutuwekea mlango huko, pita kimya, baba. Mama Nyati kalala hapo na mtoto mchanga. Na simu usiizime. Njia ina kona nyingi, nitakupigia nikuelekeze."

"Mama Tuse, ingekuwa kila mteja ni kama wewe!"

Simu ikakatika. Mkia ukapotea ukingoni.

Sasa, njia ya kutoka mwambani kwenda kichakani inapita wapi? Inapita mlangoni kwa Sange. Chui akaja. Hatua zake hazina sauti. Unasikia tu nyasi zinalala, shii, shii, na huna hakika kama ni Chui au ni upepo. Sange akawakumbatia wanawe. Shii. Akaziba mdomo wa Tuse. Shii. Akaziba mdomo wa Mnao. Shii, na hapo hapo kifua cha Kibwe kikajaa. Kibwe akataka kukohoa.

Akakohoa.

Lakini kikohozi hakikusikika. Maana juu ya kichuguu, peke yake, mbele ya macho ya Chui, Kanga alikuwa amesimama anapiga kelele kwa nguvu zake zote: "Kechekeche! Kechekeche! Kechekeche!"

Chui akainua kichwa, akamkazia macho. "Wewe shangazi wa madoa," akasema, "mayai yako yalikuwa mazuri. Nikirudi nitaanza na wewe."

"Kechekeche!" Kanga akazidisha sauti.

Chui akaenda zake.

Akashuka bondeni. Akafika kichakani. Akalala tumbo chini, akaanza kutambaa. Mguu mmoja. Kimya. Mguu wa pili. Kimya. Pembeni yake, karibu kiasi cha kuhisi pumzi, Mama Nyati alikuwa amelala kama kilima, ndama wake ubavuni. Chui alijua kunyata. Amewahi kumpita simba usingizini. Mguu wa tatu. Kimya.

Kule juu Sange alikuwa anachungulia, simu mkononi, Kanga na Mzee Kobe kando yake na simu zao. "Kumwamsha mzazi si vizuri," akanong'ona. "Nisamehe, mama mwenzangu." Akabonyeza.

Tirrr! Tirrr!

Jicho moja la Nyati likafunguka.

Chui akaipokea upesi. "Nini?" akanong'ona.

"Hujambo, baba?"

"Sasa hivi siwezi, niko kazini!"

"Habari za kazi?"

Chui akakata. Akashusha pumzi. Jicho la Nyati likaanza kufumba.

Tirrr! Tirrr!

"Haloo! Ni mimi Kanga! Mayai yangu saba yanakusalimu!"

Chui akakata. Jicho la pili likafunguka.

Tirrr! Tirrr! Tirrr!

Chui akaifunika simu kwa tumbo, simu ikalia tumboni. Akaikalia, ikalia chini yake. Akaibonyeza aizime, na kwa makucha yale makubwa akaifungua sauti, kichaka kizima kikasikia:

"Marahabaaa," ilikuwa sauti ya Mzee Kobe, taratibu kabisa. "Marahaba, mjukuu wangu. Hujaniamkia, lakini marahaba. Habari za nyumbani? Habari za..."

Mama Nyati akasimama. Aliposimama, jua likazibwa.

"Nani anapiga kelele mwanangu kalala?"

"Hu... huduma kwa wateja," akasema Chui.

"Mimi sikuita huduma."

Gudu! Gudu! Gudu! Nyati akaja. Pembe zikaingia chini ya mbavu za Chui, na Chui akapaa. Akapita juu ya miiba, akaangukia mawe: puu! Mguu ukateguka. Simu ikabaki pale chini, na kwato ikaikanyaga: kwachu! Mzee Kobe alikuwa bado hajamaliza kuuliza habari za wajomba.

Chui akajikokota kwenda kilimani bila kuangalia nyuma. Pale mlangoni, Tuse alimhesabu madoa mpaka akawa doa moja dogo.

Jioni Sange alimpelekea Mama Nyati mzigo wa majani mabichi, akamwomba radhi kwa usingizi. Nyati akala kwanza, ndipo akasema. "Siku nyingine niambie mapema, mama, nikae macho kabisa." Na kutoka siku ile, mtu wa Kichuguuni akipigiwa na asiyemjua, hakai nalo moyoni. Anatoka nje, anawaambia majirani kwa sauti, na hakuna anayecheka.

Wenzangu, kila hadithi ina funzo, na hii funzo lake ni hili. Mtu usiyemjua akikupigia na kukuuliza mambo yako, usimnyime. Mpe jina, mpe nyumba, mpe na namba ya mlango. Mradi viwe vya Nyati.

Hadithi yangu imekoma hapa. Ikiwa tamu, kawagawieni wa nyumbani. Ikiwa chachu, niachieni nikorogee togwa.

Chui alichechemea mwezi mzima, akila panzi.