Miiba Thelathini ya Mama Ngiri

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma mmeitika kivivu. Hadithi hii inaniuma, siisimulii kwa wanaosinzia. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo kale, wanyama walipokuwa bado wakipangishana mashimo, palikuwa na Muhanga, mwenye pua ndefu na kucha za kuchimbia. Alichimba, kwaru, kwaru, kwaru, mpaka akawa na nyumba ya wageni chini ya kilima. Vyumba vya mbele vilikuwa vifupi, mvua ikinyesha vinaingia maji. Chumba cha ndani kilikuwa kirefu, kimeinuka, kikavu mwaka mzima.

Kulala usiku mmoja chumba cha mbele kulikuwa kikapu kimoja cha mchwa, maana Muhanga hali kingine. Ukishalipa, Nungunungu, karani wa mlangoni, aling'oa mwiba mmoja mgongoni kwake, chwap, akakupa.

"Tunza huo, mgeni wetu mpendwa," alisema. "Ukifikisha thelathini, unalala chumba cha ndani siku saba, bila kutoa hata mchwa mmoja."

Mama Ngiri akaisikia ahadi hiyo. Mwaka uliopita alizalia katika shimo lake la bondeni. Maji yakaingia. Watoto wanne, wote wakaenda na maji. Sasa alikuwa na mimba nyingine, na alitaka kitu kimoja tu duniani, pahali pakavu pa kuzalia.

Kiangazi chote akafukua mchwa kwa pua. Pua ikachubuka. Analipa, analala, anapewa mwiba. Analipa, analala, anapewa mwiba. Wenzake wakamcheka, eti ana shimo lake na bado anapanga. Yeye akazidi kufukua. Akafikisha thelathini.

Asubuhi moja, tumbo linagusa nyasi, akaja na miiba yake.

"Habari za hapa, Bwana Karani. Nimekuja kuingia ndani."

"Karibu, mgeni wetu mpendwa. Kuna mabadiliko kidogo. Chumba cha ndani sasa ni miiba arobaini na mitano."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi."

"Mbona sikuambiwa?"

"Tangazo lipo, mama. Limebandikwa ndani ya chumba cha ndani."

Mnacheka? Mama Ngiri hakucheka. Alirudi machakani na tumbo lake, akafukua mchwa siku kumi na tano. Analipa, analala, anapewa mwiba. Akarudi na arobaini na mitano.

"Sasa ni sitini," akasema Nungunungu. "Siku hizi bei inafuata mawingu. Mawingu yakizidi, miiba inazidi."

"Na kesho?"

"Kesho tutatazama juu."

"Kwa hiyo mnapandisha siku ileile ninayokihitaji."

"Ndiyo siku ambayo kila mmoja anakihitaji, mama."

"Haya, nani yumo ndani leo?"

Nungunungu akakohoa. "Leo hakuna mtu."

Hakuna mtu! Chumba kitupu, kikavu, na mama mjamzito kasimama mlangoni. Mvua ikaanza, cho, cho, cho. Uchungu ukamshika. Muhanga akatokea, ulimi bado una mchwa.

"Usifoke, mama," akasema. "Ile miiba ilikuwa zawadi yetu kwako. Mtu anagombania zawadi?"

"Zawadi?" akafoka Mama Ngiri. "Tazama pua yangu, Muhanga. Mchwa wangu uliwala kwa bei ya zamani. Umeshiba, ndipo unabadilisha."

Akageuka, akawapa mgongo. Nungunungu akashusha pumzi, akidhani mgeni mpendwa anakwenda zake. Lakini ngiri, wanangu, haingii shimoni kwa kichwa. Huingia kinyumenyume, ili meno yake yabaki yanatazama nje. Mama Ngiri akarudi nyuma, kru, kru, kru, akamkumba Nungunungu kwa makalio, akapita vyumba vya mbele vilivyoanza kujaa maji, akafika ndani. Muhanga akanyoosha kucha. Akakutana na yale meno mawili. Akazirudisha.

Huko ndani, pakavu, Mama Ngiri akazaa watoto watatu. Aliwalamba mmoja mmoja, akawalilia na wale wanne wa mwaka jana.

Habari za ahadi ile iliyobadilishwa zikaenea. Hakuna aliyeleta tena kikapu. Siku ya tano Muhanga akaja, tumbo limebonyea, sauti laini.

"Mama Ngiri, tafadhali toka, wageni wanatukimbia. Nitakupa miiba mia."

"Miiba mia ni siku ngapi ndani?" akauliza Mama Ngiri.

Muhanga akatazama mawingu. Akamtazama Nungunungu. Nungunungu akamtazama yeye.

"Basi kaichokolee meno," akasema Mama Ngiri, akawageukia wanawe wanyonye.

Funzo nawapa wazi, wakubwa kwa wadogo. Anayekuahidi kitu, kisha akajiachia ruhusa ya kuibadili ahadi peke yake baada ya kula jasho lako, hakukupa zawadi. Amekuibia, hata akikuita mpendwa. Mwambie hivyo usoni, wala usione haya.

Hadithi yangu nimeiacha hapo, mlangoni kwa Muhanga.