Chai ya Kumfichua Kinara

Enzi hizo mkoloni alikunywa chai, sisi tukanywa harufu yake. Siku moja wachumaji wa shamba moja la chai kule Usambara wakagoma. Meneja, waliyembandika jina Bwana Kipara, hakutaka hata kusikia wanadai nini. Akamwita mpishi wake, Shemweta.

"Nitajie kinara wa mgomo, nimfunge. La sivyo nakufunga wewe!"

"Simjui, bwana. Ila najua wamekula kiapo. Na kwetu, kinara akionja chai aliyoigomea, tumbo humvimba. Wanyweshe wote. Atakayekataa ndiye."

"Basi wachemshie!"

"Chai ya rangi mtu huibugia kama dawa, bwana, asijulikane. Tutie maziwa na sukari. Kiapo hakivumilii utamu."

Bwana Kipara akatoa sukari yake na maziwa ya ng'ombe wake. Wachumaji wakapanga mstari, wakanywa, wakaramba vikombe. Hakuna aliyekataa, wala aliyevimba.

"Shemweta! Kinara yuko wapi?"

"Ambaye hajanywa ni mmoja tu, bwana." Shemweta akainamisha birika, halikutoa hata tone. "Ni wewe."

Wachumaji wakaangua kicheko, wakabeba vikapu vyao, wakashika njia ya shambani wakiimba.

Bwana Kipara akaduwaa. "Mbona wanarudi kazini?"

Shemweta akafuta maziwa kwenye masharubu yake.

"Walikuwa wanadai chai ya maziwa kabla ya kuchuma, bwana. Kesho niwachemshie saa ngapi?"